Gunia kwenye ubao, trela Sachangwan: jinsi ya kukokotoa mwendo mteremkoni

Lori la viazi kutoka Molo linapakuliwa sokoni Nakuru. Ubao wa mita 4 umeegemezwa kwenye bodi ya lori, mita 1.2 kutoka ardhini, na gunia la kilo 50 limewekwa juu yake. Je, litateleza lenyewe? Likiteleza, litafika chini kwa kasi gani?

Mwanafunzi akiona swali hili hukimbilia fomula. Achore kwanza. Uzito wa gunia ni 50 mara 9.8 (mvuto wa dunia kwa kila kilo), yaani nyutoni 490 (nyutoni ni kipimo cha kani, yaani nguvu ya kuvuta au kusukuma), na mshale wake huelekea chini wima, hata ubao uinamishwe vipi. Ubao nao hulisukuma gunia kwa pembe mraba, na msuguano hulala sambamba na ubao, ukipinga mwendo.

Sasa geuza daftari mpaka ubao uonekane umelala. Gunia haliwezi kuzama ndani ya ubao wala kupaa, kwa hiyo kani zote za pembe mraba zinafutana, na nusu ya kazi imekwisha. Kinachobaki ni kuugawa uzito sehemu mbili. Sini ya pembe kati ya ubao na ardhi (kimo kwa urefu wa ubao) ni 1.2 kwa 4, yaani 0.3, kosini yake (umbali wa mlalo kwa urefu wa ubao) ni kama 0.954. Sehemu inayovuta gunia kuteremka ni 490 × 0.3 = nyutoni 147. Inayokandamiza ubao ni 490 × 0.954, karibu nyutoni 467.

Ukisahau sini inakaa wapi, ulaze ubao chini kabisa kichwani mwako. Pembe ni sifuri, gunia halina sababu ya kuteleza, na sini ya sifuri ni sifuri. Mimi huamini jaribio hili kuliko kukariri.

Tuchukulie mgawo wa msuguano, namba inayoonyesha nyuso mbili zinavyoshikana, ni 0.25. Msuguano ni 0.25 × 467, kama nyutoni 117. Toa kwenye 147, zinabaki 30. Gawanya kwa kilo 50, mchapuko, yaani kiasi kasi inavyoongezeka kila sekunde, ni 0.6 m/s². Likianza kutoka utulivu, baada ya mita 4 gunia lina kasi ya takriban 2.2 m/s (kipeuo cha pili cha 2 × 0.6 × 4). Kulipandisha kunataka angalau nyutoni 264, kwa kuwa msuguano umegeuka na sasa unavuta kuelekea chini pamoja na uzito.

Alama nyingi hupotelea hapa: ubao ukiwa mkavu na mgawo uwe 0.35, hesabu inatoa msuguano wa nyutoni 163, na mwanafunzi anaandika kwamba gunia linapanda kwa nyutoni 16. Gunia gani hilo linalojipandisha! Hizo 163 ni kikomo tu. Gunia limetulia, na msuguano ni 147 kamili, sawa na kinachovuta.

Angalia pia kwamba kilo 50 zilizidisha kila kani, kisha tukazigawanya. Gunia la kilo 90 lingeteleza kwa mchapuko uleule. Basi kwa nini tunahofia trela lililojaa kuliko pikapu kwenye mteremko wa Sachangwan kushuka Salgaa, katika barabara kuu ya Nakuru kwenda Eldoret?

Jibu liko kwenye joto. Chukua mfano wa barabara inayoshuka mita 6 kwa kila mita 100, kwa kilomita 5. Trela la tani 40 linashuka mita 300, na nishati inayotakiwa kuondolewa ili kasi isipande ni 40,000 × 9.8 × 300, kama juli milioni 118 (juli ni kipimo cha nishati). Hizo zinaweza kuchemsha lita 350 za maji kutoka nyuzi 20. Pikapu ya tani 2 ina sehemu moja tu kati ya 20 ya hizo. Upepo na msuguano wa magurudumu huchukua kiasi, injini huchukua kiasi ikiwa gari liko kwenye gia, na kilichobaki huishia kwenye breki. Dereva akiweka nyutro ili kuokoa mafuta, mgao wa injini nao huhamia kwenye breki.

Juli hizo hazipungui dereva akipunguza mwendo. Muda ndio hubadilika. Kwa kilomita 80 kwa saa, kilomita 5 huisha kwa dakika 3 na sekunde 45, na joto huzalishwa kwa kilowati 520 hivi (kilowati moja ni juli 1,000 kila sekunde). Kwa kilomita 30 kwa saa ni dakika 10, kilowati kama 196, na gia ndogo, ikiwekwa kabla ya kuanza kuteremka, huipa injini nafasi ya kubeba sehemu kubwa ya mzigo huo.