Kitunguu cha mama mdogo: tunayodhani kuhusu miisho ya tamthilia za Kijapani

Mama mdogo wangu hukata kitunguu sebuleni kila tamthilia inapofika sehemu ya mwisho. Kitunguu chenyewe hakifiki jikoni. Hubaki kwenye sahani mpaka majina ya waigizaji yaishe kupita, kisha anafuta macho kwa pindo la kanga na kusema, "Kitunguu cha leo kikali, mwanangu." Mimi namwitikia tu, "Kikali kweli, mama." Tumeishi hivyo miaka, flashi baada ya flashi. Kwa kuzoea kukaa naye nimegundua kwamba mengi yanayosemwa mtaani kuhusu machozi haya hayana ukweli. Mengine nilikuwa nayasema mwenyewe.

"Hizi ni zile zile za Kikorea."

Hili ni jepesi, tulimalize. Tamthilia ya jioni ya Kijapani hupangiwa robo ya mwaka. Wajapani wenyewe wanakiita kipindi hicho kūru. Mara nyingi ni sehemu kumi au kumi na moja, moja kwa wiki, basi. Aliyezoea za Kikorea zenye sehemu kumi na sita au zaidi anaona amekatiwa utamu. Zipo pia za asubuhi za shirika la utangazaji la NHK, robo saa kila siku, ambazo siku hizi huchukua kama nusu mwaka. Oshin ya 1983 ilikwenda mwaka mzima, sehemu 297.

"Bila kifo hakuna machozi."

Hapa ndipo nilipokosea zaidi. Nilidhani Wajapani hututoa machozi kwa maradhi na makaburi. Kisha nikaitazama Tokyo Love Story, ya Fuji TV, mwaka 1991. Hakuna anayekufa mle. Rika anampenda Kanji, ambaye yeye humwita Kanchi, na Kanji moyo wake hautulii. Mwishoni wako Ehime, kwao Kanji, na Rika anamwambia ataondoka na treni ya saa kumi na dakika arobaini na nane. Akibadili mawazo, amkute stesheni. Kanji anafika mbio kabla ya saa hiyo. Stesheni ni ndogo, imeangaliana na bahari, na haina mtu. Rika amepanda treni ya saa kumi na dakika thelathini na tatu. Kwenye uzio amefunga leso nyeupe yenye maneno ya kumuaga Kanchi.

Dakika kumi na tano tu. Rika angeweza kusubiri. Hakutaka kujua kama angekuja, au alijua na hakutaka aje kwa kumhurumia. Kila mtu ana lake hapo, na mama mdogo ana la kwake ambalo hanisikilizi nikilipinga. Ila nikiirudia naona kinachonikaba koo si leso. Ni Rika ndani ya ile treni, peke yake, akilia pale ambapo Kanji hamwoni. Mbele ya Kanji alikuwa akicheka siku zote.

Stesheni yenyewe ipo, inaitwa Baishinji, mjini Matsuyama, na mashabiki wamekuwa wakienda kufunga leso zao pale pale. Leso za watu ambao hakuna aliyewafia.

Ukiitazama Oshin utaona jambo hilo hilo. Mtoto anapelekwa kufanya kazi kwa watu ili nyumbani wapate mchele. Anateremka mto Mogami juu ya chelezo cha magogo yaliyofungwa pamoja, theluji pande zote, akiwaita baba na mama walio ukingoni. Hakuna maiti. Kuna maji yanayokwenda upande mmoja na wazazi waliosimama upande mwingine. Na tamthilia hiyo, iliyoandikwa na Sugako Hashida, haikufikia kilele chake cha watazamaji siku ya kufunga: kipimo cha watazamaji kilifika asilimia 62.9 tarehe 12 Novemba 1983, miezi minne na zaidi kabla haijaisha. Mwisho wenyewe ni wa kimya. Wazee wawili wako kando ya bahari, Oshin na Kota, waliopendana ujanani na kila mmoja akafunga ndoa kwingine. Ukifika pale baada ya sehemu 297, ule ukimya unakuumiza kuliko kelele.

"Wajapani hawalii, ndiyo maana tamthilia zao zinalia kwa niaba yao."

Ni maneno matamu kuyasema barazani. Lakini lugha yao inawakana wanaoyasema. Wana ureshinaki, kilio cha furaha. Wana kuyashinaki, kilio cha mtu aliyeshindwa na roho inamuuma. Wana otokonaki, mwanamume anapolia. Ninalolipenda zaidi ni morainaki: kilio unachopokea, machozi yanayokutoka kwa sababu wa pembeni yako analia. Nalijua vizuri hilo, maana nakaa karibu na sahani ya kitunguu. Watu wasiolia wasingehitaji msamiati mrefu namna hiyo. Huko kuna hata mikusanyiko ya kulia, wanaiita ruikatsu, watu wazima wanakutana kutazama video za kuhuzunisha ili machozi yatoke.

Na mwaka 2013, Amachan ya NHK ilipoisha tarehe 28 Septemba, likazagaa neno Ama-rosu, yaani ule upweke wa kukosa kipindi chako cha asubuhi. Ni hadithi ya msichana anayehamia kijiji cha pwani ya Iwate na kujiunga na wanawake wanaozamia baharini bila mitungi ya hewa, na tsunami ya 2011 imo ndani yake. Inafungwa na wasichana wawili wanaokimbia kwenye handaki la reli kuelekea kwenye mwanga. Mwisho wa furaha, na bado watu walibaki na pengo.

"Lia, utajisikia vizuri."

Si papo hapo. Mwaka 2015 ulichapishwa utafiti ambamo watu 60 walitazama filamu mbili za kuliza. Mojawapo ilikuwa toleo la Kimarekani la habari za Hachi, yule mbwa wa Tokyo aliyeendelea kumngoja bwana wake kwenye stesheni ya Shibuya karibu miaka kumi, tangu Profesa Ueno alipofariki Mei 1925 mpaka mbwa mwenyewe alipokufa Machi 1935. Wasiolia hali yao haikubadilika. Waliolia walijisikia vibaya zaidi filamu ilipoisha tu. Baada ya kama dakika ishirini wakarudi walipokuwa. Nafuu ilionekana baada ya saa moja na nusu, ambapo walijisikia vizuri kuliko kabla ya kuanza kutazama.

Kwa hiyo ukimkuta mtu amemaliza sehemu ya mwisho na amenuna, muache. Usimuulize chakula cha usiku kitakuwa nini. (Nimeuliza. Nilikula mkate.)

Na kuhusu kitunguu: mvuke wake huchoma jicho, na jicho hujiosha. Tezi inayotoa machozi hayo ni ile ile ya machozi ya huzuni, ila aliyekata kitunguu hana kwikwi wala sauti haimkwami. Kamasi hazithibitishi kitu, kwa sababu machozi ya aina yoyote hupitia vitundu vya kona ya ndani ya jicho na kushukia puani. Mama mdogo ana kwikwi.

"Ile ya Lita Moja ya Machozi ni kweli tupu."

Nusu. 1 Litre of Tears ya 2005, sehemu 11, ilitokana na shajara ya Aya Kito, msichana aliyepata maradhi yanayoharibu sehemu za ubongo na uti wa mgongo zinazoongoza mwendo. Aliambiwa akiwa na miaka 15, aliandika mpaka mkono ukashindwa kushika kalamu, kitabu kikatoka 1986 angali hai, akafariki 1988 akiwa na miaka 25. Hayo yalitokea. Ila yule kijana Haruto, ambaye nusu ya mtaa wetu ilimlilia kuliko mgonjwa, ametungwa. Hayumo kwenye shajara. Tamthilia ilimpa Aya mtu wa kumtazama akienda, kama wazazi wa Oshin pale ukingoni. Nilipomwambia mama mdogo alinyamaza kidogo. "Kwa hiyo hakuwa na mtu?" Nikajuta kumwambia, maana alilia upya, na safari hii hata kisu hakukigusa.

"Mwisho mzuri ni ule unaomridhisha mtazamaji."

Waulizeni waliotazama Hanzawa Naoki mwaka 2013. Sehemu ya mwisho ilipata asilimia 42.2 ya watazamaji. Mfanyakazi wa benki anamwangusha adui yake, tunasubiri apandishwe cheo, badala yake anapewa uhamisho kwenda kampuni nyingine, na picha inagandia usoni mwake. Watu hawakulia, walikasirika. Iliporudi mwaka 2020 wakakaa tena mbele ya runinga.

"Ukishaelezwa mwisho, machozi yamekwisha."

Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, waliwapa watu hadithi fupi, wengine wakiwa wameelezwa mwisho mapema. Walioelezwa walizifurahia zaidi kwa wastani. Tafiti za baadaye hazikukubaliana zote, kwa hiyo usiende kumharibia jirani yako kwa kisingizio hicho. Mimi nina ushahidi wa nyumbani tu. Tokyo Love Story tumeitazama mara tatu. Safari ya tatu, Kanji alipoanza kukimbia kwenda Baishinji, mama mdogo alimpigia kelele kwenye skrini, "Kimbia baba, ameshapanda ya kwanza!" Kitunguu alikuwa ameshakimaliza kukata tangu sehemu ya kumi.