Wadogo zangu, jangwa la Namib si joto tu

Tangu turudi Ujiji kutoka Namibia, kila anayepita nyumbani anauliza: lile joto la jangwani mliliwezaje? Sasa wadogo zangu wawili wanataka kwenda na gari na mahema kama sisi, na jana nimewakuta wanafungasha fulana na kaptula tupu. Kwa hiyo naandika.

"Jangwani ni joto, pwani ni joto." Sisi watu wa Ziwa Tanganyika kosa hili tunalifanya kirahisi. Maji ya ziwa letu yana nyuzi 25 hivi, mtoto wa Kibirizi anajitosa alfajiri bila kusita. Bahari ya Namibia ni nyingine. Mkondo wa Benguela unaleta maji ya baridi kutoka kusini, na hewa inayopita juu yake inapoa, haipandi kufanya mawingu ya mvua, inabaki ukungu. Ndiyo maana Swakopmund, mji wa pwani kabisa, haupati hata milimita 20 za mvua kwa mwaka, lakini asubuhi tulikuta hema limelowa chapachapa. Nilitoka na sweta, juu yake kitenge cha mke wangu, na gari lililokuwa hatua kumi mbele silioni. Huko ndani ya jangwa, kwenye matuta ya mchanga ya Sossusvlei, mchana unaungua kweli, ila usiku wa Juni na Julai baridi inakaribia nyuzi sifuri. Bebeni mablanketi mazito, tena ya kutosha.

"Gari likiwa na nguvu, mchanga si kitu." Kazi yote ni ya tairi. Tairi lililojaa upepo linachimba. Ukilipunguza upepo linatandaa, uzito unagawanyika. Kilomita tano za mwisho kufika Sossusvlei ni mchanga mtupu, na hapo tulizama. Tulivyozidi kukanyaga mafuta ndivyo lilivyozidi kwenda chini, hadi ekseli ikalala mchangani. Mzee mmoja wa huko alikuja, hakuuliza kamba wala sepetu. Akachuchumaa, akatoa upepo tairi moja moja mpaka ubavu ukabonyea, akatuambia twende taratibu na gia ndogo. Likatoka! Mkirudi barabarani mjaze tena, kwa hiyo pampu lazima. Na kwenye changarawe msipite kilomita 80 kwa saa, gari linateleza na kupinduka hata njia ikiwa imenyooka.

"Kule hakuna kinachoishi." Viumbe wapo, na ukungu ule ule ndio maji yao. Kuna mbawakawa anayepanda juu ya tuta, anainamisha kichwa na kuinua mgongo, matone yanajikusanya na kuteremka mpaka mdomoni. Pwani, pale Cape Cross, kuna sili (wanyama wa baharini) makumi ya maelfu (harufu yao mtaisikia kabla ya kuwaona), na kwenye hifadhi ya Pwani ya Mifupa (Skeleton Coast), kaskazini zaidi, simba hushuka hadi ufukweni kuwawinda.

Kwa hiyo lile wazo lenu la kupiga hema popote litoeni kichwani. Ndani ya hifadhi ile mnapita kwa kibali na kulala palipopangwa tu. Fikeni getini mapema mchana, maana mkichelewa hamruhusiwi kupita.