Ujazo wa Madini ya Mifupa na Sindano ya Uzazi wa Mpango

Ujazo wa madini ya mifupa ni kiasi cha madini, hasa kalsiamu na fosfati, kilichomo katika eneo fulani la mfupa, nacho hupimwa kwa eksirei maalumu ya nyonga na uti wa mgongo. Mfupa hubomolewa na kujengwa upya maisha yote, na estrojeni, homoni ya kike inayotoka kwenye ovari, ndiyo huzidhibiti seli zinazobomoa zisiwashinde wajenzi.

Mtu akisema katika kliniki ya mama na mtoto mjini Dodoma kwamba uzazi wa mpango huoza mifupa, huwa amezichanganya njia zisizofanana. Inayohusika hasa ni sindano ya miezi mitatu, yenye homoni ya kutengenezwa iitwayo medroksiprojesteroni, ambayo huzuia yai kupevuka kwa kupunguza homoni za ubongo zinazoiamsha ovari, na kwa sababu hiyo estrojeni nayo hushuka. Vidonge vya majira vyenye homoni mbili vina estrojeni ndani yake, na kwa mwanamke mzima havijaonekana kudhoofisha mifupa. Vijiti vya mkononi na kitanzi chenye homoni athari yake ni ndogo.

Mwaka 2004 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliweka onyo kali juu ya sindano hiyo, ikishauri isitumiwe zaidi ya miaka 2 ila pale njia nyingine zisipofaa. Upungufu wenyewe wa madini ya mifupa, ambao baada ya miaka 5 hufikia takriban asilimia 5 au 6, huenda kasi zaidi mwanzoni, na sehemu kubwa hurudi mwanamke anapoacha kuchoma. (Kunyonyesha nako hushusha kipimo hiki kwa muda, wala hakuna anayemkataza mama kunyonyesha.) Shirika la Afya Duniani halikuweka kizuizi kwa wenye miaka 18 hadi 45; kwa walio chini au juu ya hapo, linaona faida kwa kawaida huzidi hatari.

Binti wa miaka 16 bado anajenga mfupa atakaoutegemea uzeeni, na mama wa miaka 47 huenda akafikia ukomo wa hedhi kabla kilichopotea hakijarudi. Hao ndio wanaopaswa kumweleza mhudumu mapema iwapo wanameza dawa za steroidi kwa muda mrefu, wanavuta sigara, au wamewahi kuvunjika mfupa kwa kuanguka kidogo tu, ili njia nyingine ifikiriwe kabla ya sindano ya kwanza.