Kupiga Muhuri wa Kucha Nyumbani: Maswali ya Kuuliza Kabla ya Kufungua Chupa

Muhuri wa kucha ni kitu gani hasa?

Ni kuchapa mchoro kwenye kucha badala ya kuuchora kwa mkono. Unahitaji bamba dogo la chuma lililochongwa michoro (maua, nyota, madoa ya chui), kikwaruzo cha plastiki na muhuri wenye kichwa laini cha silikoni. Unapaka rangi juu ya mchoro, unakwaruza iliyozidi kwa mpigo mmoja, unauokota mchoro kwa muhuri, kisha unaubiringisha juu ya kucha ambayo rangi yake ya chini imekwisha kukauka. Fanya haraka, ni kazi ya sekunde chache, kwa sababu utando ule ni mwembamba na hukauka upesi. Na ukiona mchoro haushiki kabisa, kagua bamba: likiwa jipya huwa limefunikwa nailoni nyembamba ya buluu, na wengi huisahau.

Kiafya, ni salama kuliko kubandika kucha?

Kwa maoni yangu ndilo pambo la kucha la kuanzia nalo, ilimradi utumie rangi ya kawaida inayokauka kwa hewa. Hakuna kuisugua kucha mpaka iwe nyembamba, hakuna gundi, hakuna taa. Mchoro wenyewe hauna neno. Matatizo hutoka kwenye ngozi inayoizunguka kucha, kwenye hewa ya chumba, na siku ya kufuta.

Naona saluni wanakata ile ngozi nyembamba kwenye shina la kucha. Nami nikate?

Usikate. Utando ule ni kizibo: unaziba mwanya kati ya ngozi na kucha ili maji na vijidudu visipenye hadi kucha inakoota. Ukiukata ukaendelea kufua na kuosha vyombo, usishangae kidole kikavimba, kikawa chekundu na kugonga usiku kucha. Mtaani wanasema kidole kimeingia mdudu. Uvimbe wa ghafla mara nyingi ni wa bakteria. Unaokawia wiki nyingi huwapata zaidi wenye mikono isiyokauka, kama mama lishe na dobi. Ukiona usaha, nenda kituo cha afya. Usitoboe kwa sindano ya cherehani.

Kama unataka shina la kucha lionekane nadhifu, loweka vidole dakika chache kwenye maji ya uvuguvugu, sukuma ngozi taratibu kwa kitambaa, paka mafuta ya nazi, uishie hapo. Kabla ya rangi ifute kucha yenyewe mafuta yote, la sivyo rangi itabanduka kesho yake.

Rangi ikichafua ngozi nifanyeje?

Muhuri huchafua, hilo halikwepeki. Kuna kimiminika cha kupaka kuzunguka kucha, kikikauka unakibandua pamoja na uchafu wote. Vingi vya aina hiyo vimetengenezwa kwa mpira wa asili, kwa hiyo kama glavu za mpira au maputo hukuwasha, achana navyo. Vaselini kidogo kwenye ngozi, kwa kijiti cha pamba, inatosha. Kichwa cha muhuri kisafishe kwa selotepu, kwani asetoni, ile dawa ya kufutia rangi ya kucha, huiharibu silikoni. Bamba la chuma ndilo linalofutwa kwa asetoni.

Nikipaka rangi vidole havinisumbui, lakini kope zinawasha na kuvimba. Kuna uhusiano?

Upo, na ndio unaowapoteza wengi. Mtu hubadilisha wanja, hubadilisha sabuni, hununua dawa ya macho, kumbe chanzo kiko mkononi. Baadhi ya rangi zina utomvu wa kunatisha unaotokana na fomaldehidi, nao huweza kuleta mzio. Ngozi ya vidole ni nene, haisemi kitu. Ya kope na shingo ni nyembamba, nasi hujigusa uso mara nyingi bila kujua. Futa rangi yote, usipake tena mpaka ngozi itulie, na ukienda hospitali mwambie daktari habari za kucha hata kama hakuuliza.

Na muhuri kwa rangi ya jeli, ile inayokaushwa kwa taa?

Hapo mimi nasita. Jeli ina kemikali za jamii ya akrilati, na ikigusa ngozi kabla haijakauka sawasawa inaweza kuamsha mzio ambao kwa kawaida haukuachi maisha yako yote. Kemikali za ukoo huohuo hutumika kuziba meno na kushikiza viungo bandia vya mifupa, kwa hiyo mzio ulioupata kwenye pambo unaweza kukufuata hadi kwa daktari wa meno. Moja ya kemikali hizo, iitwayo HEMA, Umoja wa Ulaya umeiruhusu kwenye bidhaa za kucha za mafundi tu, tena kwa onyo kwenye chupa. Anayeanza nyumbani, mkono ukitetemeka na taa ya bei rahisi, ndiye hasa anayeimwaga kwenye ngozi.

Nifanyie kazi hii wapi?

Barazani, au karibu na dirisha lililo wazi. Jikoni, hapana. Rangi ya kucha na asetoni hushika moto upesi, na mvuke wake husafiri mpaka kwenye jiko la mkaa au gesi hata kama chupa iko mbali. Usiweke asetoni kwenye chupa ya maji ya kunywa, watoto hunywa. Mjamzito anaweza kupaka mara mojamoja mahali penye hewa. Mtoto anayenyonya vidole asipakwe.

Ni kweli kucha zinahitaji kupumua?

Kucha haipumui, hulishwa na damu kutoka chini yake. Inachohitaji ni kuonekana. Dada zetu wengi wa Kiislamu hupaka rangi siku za hedhi na kuifuta zinapokwisha, kwa sababu rangi huzuia maji ya udhu kufika kwenye kucha. Kwa jicho la afya utaratibu huo ni mzuri sana: kila mwezi kucha zinabaki wazi na mwenyewe anaziona. Baada ya asetoni paka mafuta, maana hukausha.

Nimefuta rangi nikakuta kucha imebadilika. Niogope?

Inategemea. Manjano juujuu mara nyingi ni doa la rangi kali iliyopakwa bila rangi ya msingi. Kucha ya mkono huota kama milimita 3 kwa mwezi, kwa hiyo doa litasogea mpaka ulikate. Kijani ni bakteria walioingia kwenye unyevu chini ya kucha iliyoachana na nyama. Usiifunike kwa rangi nyingine, iache kavu na uionyeshe kwa mtaalamu.

Mstari mweusi au wa kahawia unaoshuka kutoka shinani ni jambo la kawaida kwa sisi wenye ngozi nyeusi, hasa ukiwa kwenye kucha kadhaa. Lakini ukiwa kwenye kucha moja tu, ukapanuka, au weusi ukavuka hadi kwenye ngozi, usingoje. Saratani iliyomuua Bob Marley mwaka 1981 ilianzia chini ya kucha ya kidole cha mguu. Siku ya kwenda kwa daktari futa rangi zote, za mikono na za miguu, hata ule mchoro wa jana uliokutoka vizuri kuliko yote.