Kushuka Matema peke yako mwezi wa saba

Kila baridi ikianza kukaza hapa Mbeya, yaani kuanzia Juni hivi, asubuhi Uyole huwezi kutoka bila koti, simu yangu inaanza kupokea meseji za aina moja kuhusu Matema, ufukwe wa Ziwa Nyasa kule Kyela. Mwalimu nataka nishuke Matema peke yangu wikiendi hii, mawimbi yapo? Wengi wameshaona video za watu wanaosafiri wenyewe kwenda Bali kule Indonesia au Tofo kule Msumbiji, ubao wa kuteleza kwenye mawimbi kwapani, asubuhi majini jioni mtaani, na wanataka kitu cha namna hiyo ila kwa nauli ya kosta. Mi nafundisha kuogelea na uokoaji, huu mwaka wa tisa, na ninawajibu wote kwamba mawimbi yapo, tena mengi, ndio maana inabidi tuongee kwanza.

Ziwa Nyasa ni refu na jembamba, zaidi ya kilomita 550 toka kusini mpaka kaskazini, na Matema imekaa kule mwisho kabisa kaskazini, chini ya Milima ya Livingstone. Sasa upepo wa kusini ukianza, kama Mei mpaka Agosti hivi, unapita juu ya maji huku unayasukuma, na kadri unavyopata maji mengi ya kusukuma ndivyo wimbi linavyokua, mpaka linafika Matema halina tena pa kwenda, linajimwaga pale mchangani. Kwahiyo miezi ileile ambayo sisi wa nyanda za juu tunakimbia baridi, na sikukuu za Sabasaba na Nanenane zimo humohumo, ndio miezi ambayo ziwa limechafuka. Hili ndilo ningependa kila mtu wa Mbeya, Njombe na Makete alijue kabla hajapanda gari.

Alafu mawimbi yenyewe sio kama yale ya kwenye video. Yale ya bahari kuu yanazaliwa na dhoruba za mbali sana, ile safari ndefu inayapanga, yakifika ufukweni yana nafasi ya sekunde 10 mpaka 15 kati ya moja na lingine, ndio maana mtu anapata muda wa kugeuza ubao na kusimama. Ya Nyasa yanazaliwa na upepo wa hapohapo, ni mafupi, yamebanana, la pili linakupiga hujamaliza kufuta macho. Ukiwa na ubao utateleza kidogo tu basi. Na kingine ambacho watu hawakitarajii, maji ya ziwa hayana chumvi, na maji ya chumvi ni mazito zaidi kwa kama asilimia 2.5, inaonekana ndogo lakini mwili unaisikia. Nimekuwa na wanafunzi waliojifunza kuelea Zanzibar, wakiingia Matema wanaona miguu inazama, wanaanza kupaniki, wanamaliza pumzi bure.

Mimi mwenyewe nilienda peke yangu mara ya kwanza mwezi wa saba, nilikuwa najua kuogelea vizuri kwenye bwawa. Niliona sehemu moja maji yametulia katikati, huku na huku mawimbi yanavunjika, nikasema hapo ndipo pa kuingilia. Pale ndipo penye mkondo. Maji yote yanayosukumwa ufukweni lazima yarudi ziwani, na yanatafuta njia moja yenye kina yapite hapo kwa pamoja, kwahiyo sehemu inayoonekana shwari katikati ya mawimbi, mara nyingi maji yake yana rangi nyeusi zaidi au yamebeba mchanga na takataka zinazoelekea ndani, ndio mlango wenyewe. Nilivutwa nikaanza kuogelea kurudi nchi kavu moja kwa moja kwa nguvu zangu zote na nikawa sisogei. Kilichonitoa ni mama mmoja aliyekuwa anaosha vyombo, alisimama akaanza kunipungia kanga upande wa kushoto, upande, upande, nikamuelewa, nikaacha kushindana na maji nikaogelea sambamba na ufukwe, hatua kama thelathini hivi, mkondo ukaniachia na mawimbi yenyewe yakanirudisha.

Ndivyo unavyotoka kwenye mkondo. Hauzamishi mtu, unamsogeza tu, anayezama ni yule aliyechoka kwa kupigana nao. Elea kwanza, pumua, nenda pembeni, ukishindwa kaa umeinua mkono mmoja. Lakini ule mkono lazima kuwe na wa kuuona, na hapo ndipo kusafiri peke yako kunabadilika. Kwenye miji mingi ya mawimbi huko duniani kuna waokoaji na bendera za nyekundu na njano, unaogelea kati ya bendera mbili na kuna mtu analipwa kukuangalia. Matema mi sijawahi kukuta mwokoaji kazini. Kwahiyo unamtafuta wa kwako.

Na sio kazi ngumu, kwasababu ukifika peke yako hasa kama wewe ni dada wataanza wao, umekuja na nani, mwenyeji wako nani. Wageni wengine wanachukia hayo maswali wanaona wanachunguzwa. Mi naomba uyapokee. Wape shikamoo wakubwa, sema mugonile hata kama Kinyakyusa chako kinaishia hapo, waambie unatoka wapi unalala wapi na unataka kuogelea saa ngapi. Kuanzia hapo una watu watano wanaojua kuna mgeni mwenye fulana nyekundu majini. Ukipata nafasi fika Ijumaa, maana Jumamosi kuna mnada wa vyungu pale kijijini Lyulilo, akina mama wa Kikisi wanakuja na mitumbwi toka Ikombe na vyungu vyao walivyofinyanga kwa mkono, nunua hata kimoja kidogo, alafu uliza, mama, ziwa limeamkaje leo? Hao wamevuka asubuhi hiyohiyo, hakuna programu ya hali ya hewa kwenye simu itakayokujibu vizuri kuliko wao.

Ingia asubuhi, upepo wa ziwani unaamka kadri jua linavyopanda na mchana ndio maji yanaharibika. Maji yakufike kiunoni, sio zaidi, kama hujui kuogelea, na upande wa mashariki karibu na mawe kuwa makini zaidi maana mlima unashuka hivyohivyo mpaka ndani ya maji, hatua mbili umepoteza ardhi. Upande wa mdomo wa Mto Lufilyo usiogelee kabisa, kuna viboko na mamba. Beba dumu tupu la lita 5 lenye mfuniko unaokaza na kamba ya mita kumi, liache kwa mtu wako pale ufukweni, linamshikilia mtu mzima vizuri na yeye anaweza kulirusha bila kuingia majini.

Usafiri sio shida, kosta za Kyela zipo stendi ya Nanenane, panda mapema, unapita Tukuyu unashuka toka mita kama 1,700 mpaka 475, koti unalivua njiani, Kyela unabadilisha gari la kupitia Ipinda. Jitahidi giza lisikukute kwenye bodaboda. Net ya mbu muhimu, Kyela sio Mbeya, homa yoyote ukirudi nenda ukapime malaria. Kichocho nacho kipo kwenye hili ziwa, epuka maji yaliyotuama yenye majani, na baada ya wiki sita hivi nenda hospitali waambie uliogelea Nyasa, dawa yake ipo.

Yule mama wa kanga namuita shangazi siku hizi, na kabla sijapeleka watu nampigia. Juzi kaniambia ziwa linanguruma toka Jumatatu. Kundi langu la Jumamosi nimeshawaambia, tunashuka, ila tutaingia saa moja asubuhi na saa nne wote tunatoka majini, na kila mtu aje na dumu lake.