Lita si Kilo

Kwenye masoko ya Arua na Koboko, kaskazini-magharibi mwa Uganda, utasikia mnunuzi akisema, "Jerikeni hii ni kilo ishirini." Ukiitazama, imeandikwa lita 20, na ndani yake kuna asali. Anayeumia hapo ni mfugaji nyuki.

Uzito wenyewe hauna taabu. Miligramu 1,000 ni gramu moja, gramu 1,000 ni kilo, kilo 1,000 ni tani. Ni kuzidisha au kugawa kwa elfu, basi. Lita haimo humo kabisa, maana inapima nafasi ambayo kitu kinajaza, si uzito wake.

Mkanganyiko huu una asili inayoeleweka. Wafaransa walipotunga vipimo hivi mwaka 1795, gramu waliifunga kwenye maji: ni uzito wa maji yanayojaza sentimita moja ya ujazo. Kwa hiyo lita ya maji ikawa kilo moja. Mwaka 1901 mkutano wa kimataifa wa vipimo ukakaza zaidi, ukasema lita ni nafasi inayojazwa na kilo moja ya maji safi. Kauli hiyo ilifutwa mwaka 1964, lita ikarudi kuwa desimita moja ya ujazo, yaani sanduku la sentimita kumi kila upande, na tangu 2019 hata kilo inatokana na namba ya fizikia isiyobadilika. Sisi tumebaki na yale maji ya shuleni, tukayabebesha kila kitu.

Asali iliyoiva ni nzito: lita moja ina karibu kilo 1.4, kwa hiyo jerikeni iliyojaa ina kama kilo 28. Mmepatana bei ya kilo, mfugaji akalipwa kilo 20. Kilo nane zimekwenda bure, na jasho lake pia. Mafuta ya kupikia ni kinyume chake, lita moja ni kama gramu 920, na jerikeni nzima haifiki kilo 19. Mahindi makavu yana hewa kati ya punje: debe la lita 20 lililosawazishwa juu huwa kilo 14 au 15, na likiachiwa kilima hesabu inabadilika.

Kwa hiyo, ndugu zangu wanunuzi, kama bei ni ya kilo, jerikeni tupu ipimwe kwanza, kisha ijazwe na irudi mizanini. Kama ni ya lita, semeni lita, na mzee wa mizinga ajue anauza lita.