Je, bei ya kukodi boti nzima Komodo inamaliza yote?

Wakazi wengi wa Nairobi wanaopanga kukodi boti ya kifahari yenye nahodha na mabaharia wake, tuseme kuzuru Hifadhi ya Taifa ya Komodo nchini Indonesia, huamini bei waliyotajiwa inamaliza yote. Inaeleweka, maana hoteli nyingi za Pwani huuza chakula na malazi pamoja.

Boti nyingi za huko hujumlisha chakula na mafuta, lakini ada za hifadhi, zinazotozwa kwa kila mgeni, mara nyingi hubaki nje. Nyingine hukukodishia chombo na mabaharia tu, kisha unatanguliza amana ya matumizi ya safari, kama mafuta na chakula, kwa kawaida asilimia 25 hadi 35 ya bei ya kukodi. Kwa bei ya dola 10,000, asilimia 30 ni dola 3,000 juu yake. Nahodha hutunza risiti, na salio hurudishwa.

Kinachomaliza amana haraka ni mafuta: ukiongeza kisiwa kimoja, au jenereta ya viyoyozi ikinguruma usiku kucha, hesabu inabadilika.

Kabla ya kulipa, omba mkataba wenyewe, si tangazo. Soma kipengele cha gharama zisizojumuishwa, linganisha ada na tovuti rasmi ya hifadhi, na uulize mafuta yamekadiriwa kwa njia ipi.